Leseni ni ya jimbo, hela ni ya Medicare: majibu kuhusu makao ya uuguzi Marekani

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa Waswahili wa Marekani: wanaofanya kazi kwenye makao ya uuguzi, wanaotaka kufungua yao, na wenye mzazi aliyelazwa huko. Tumezifupisha na kuondoa majina. Tukisema "mkazi" tunamaanisha anayehudumiwa. Ndani ya makao hayo haitwi mgonjwa, na mkaguzi akikusikia unamwita kwa namba ya kitanda ataiandika.

Shikamooni. Mimi na dada yangu ni CNA, yaani wauguzi wasaidizi wenye cheti, hapa Tacoma, jimbo la Washington. Tumepata nyumba ya vyumba sita na tunataka kuifanya makao ya uuguzi ya wazee. Tumeambiwa leseni moja ya jimbo inatosha. Ni kweli?

Marhaba. Leseni moja inatosha, ila si kwa hicho mlichokitaja. Makao ya uuguzi yana milango miwili. Wa kwanza ni leseni ya jimbo. Bila hiyo humlazi mtu hata mmoja. Wa pili ni ithibati ya serikali kuu, inayotolewa kupitia CMS, shirika linalosimamia Medicare na Medicaid, na hiyo ndiyo inayoruhusu kulipwa na Medicare, bima ya afya ya serikali kuu hasa ya wazee, na Medicaid, ya wenye kipato kidogo. Masharti yake yako kwenye kanuni za shirikisho, 42 CFR sehemu ya 483, na mzizi wake ni sheria ya mwaka 1987 ambayo watu wa kazi hii huiita OBRA. Mwenye leseni bila ithibati atahudumia wanaolipa mfukoni tu. Akinyang'anywa leseni, ithibati nayo haina pa kusimama.

Sasa ipimeni nyumba yenu kwa masharti hayo. Nesi mwenye leseni lazima awepo saa 24. Wiki ina saa 168, kwa hiyo hata kwa wakazi sita mnahitaji manesi wanne wa saa 40 na bado mnabaki na saa 8 zisizo na mtu. Juu yake, muuguzi aliyesajiliwa, yaani RN, saa 8 mfululizo kila siku, Jumapili na Krismasi zikiwemo. Kuna mkuu wa wauguzi wa kutwa nzima, msimamizi mwenye leseni yake mwenyewe, daktari anayesimamia tiba, mfamasia wa kupitia dawa za kila mkazi kila mwezi, na mabomba ya kuzima moto dari nzima, sharti lililobana makao yote tangu Agosti 13, 2013. Vyumba sita havibebi gharama hiyo.

Mnachokitaka kinaitwa huko Washington nyumba ya kifamilia ya watu wazima, kwa kifupi AFH, na leseni yake hutolewa na DSHS, idara ya jimbo ya huduma za jamii na afya. Hii ni ya jimbo tupu. CMS haina mkono kwenye ukaguzi wake. Kawaida huchukua wakazi hadi 6, na kwa kibali maalum hadi 8. Mwombaji anatakiwa awe na saa 1,000 za kuhudumia watu moja kwa moja ndani ya miezi 60 iliyopita, na amalize kozi ya usimamizi. Kwa CNA wa kutwa nzima saa 1,000 ni kama miezi sita ya kazi, kwa hiyo ninyi pengine mmeshavuka. Kusanyeni tu barua za waajiri sasa hivi, kabla makao mliyofanyia kazi hayajauzwa na kumbukumbu kupotea. Kazi kama kuchoma insulini inaweza kufanywa na mhudumu aliyekasimiwa na RN kwa maandishi, mkazi mmoja mmoja. Kukasimiwa kwa Mzee wa chumba cha pili hakukupi ruhusa kwa Bibi wa chumba cha tatu.

Medicare haitawalipa kwa makazi hayo. Medicaid inaweza, mkiwa na mkataba na jimbo. Na kwenye kibao cha nje msiandike makao ya uuguzi.

Kwa wasomaji wa kwingine: majina na idadi hubadilika kila jimbo. Arizona nyumba ndogo za namna hii zina ukomo wa wakazi 10, na Minnesota ilianza leseni mpya ya makazi ya wazee wanaosaidiwa Agosti 1, 2021. Usichukue karatasi ya rafiki yako wa jimbo jingine ukaifuata.

Sisi ni chama cha watu tisa, Columbus, Ohio. Mwenye makao ya uuguzi ya vitanda 50 anastaafu na anatuuzia. Bei ni nzuri ajabu. Tuangalie nini?

Angalieni kwa nini bei ni nzuri ajabu. Anayenunua makao yenye ithibati, kwa kawaida anahamishiwa mkataba wa Medicare wa mwenye mali wa zamani, na mkataba huo unakuja na mizigo yake yote: faini ambazo hazijalipwa, pesa za Medicare zilizolipwa kupita kiasi ambazo zitadaiwa, na mpango wa marekebisho uliobaki nusu. Mnaweza kuukataa mkataba huo. Mkiukataa mnahesabiwa waombaji wapya, na Medicare hailipi senti mpaka mkaguliwe na kukubaliwa. Chama chenye akiba ya miezi miwili hakivumilii kungoja huko.

Kabla ya kutia sahihi, ombeni mambo haya kwa maandishi. Ripoti za ukaguzi za miaka mitatu, zile za fomu CMS-2567. Si siri, makao yenyewe yanalazimika kuziweka zilizo za karibuni mahali mkazi na ndugu wanaweza kuzisoma bila kuomba ruhusa. Ombeni pia barua zote za CMS za adhabu, hesabu za madai ya Medicare yanayofanyiwa uchunguzi, na taarifa za saa za wafanyakazi zinazopelekwa CMS kila robo mwaka. Hizo za mwisho linganisheni na orodha ya mishahara. Zisipolingana, kuna anayedanganya, na baada ya mauzo mtajibu ninyi.

Makosa matatu yanajirudia. La kwanza ni kudhani fomu moja inamaliza kazi. Fomu CMS-855A ya kubadili mmiliki inajazwa na muuzaji na mnunuzi, na jimbo lina ombi lake la leseni linalotaka kupelekwa mapema kabla ya siku ya makabidhiano. La pili ni kuficha wanachama. Serikali inataka kujua wenye hisa, wanaosimamia, na hata wenye jengo ikiwa jengo limekodishwa. Tisa nyote mtatajwa, na mmoja mwenye jina kwenye orodha ya waliofungiwa mipango ya afya ya shirikisho atawakwamisha wote. La tatu ni kudhani nyota za ubora ambazo serikali huyapa makao zinaanza upya. Historia ya ukaguzi inafuata makao, na kwenye tovuti ya Care Compare nyota moja ya zamani itawakaribisha mlangoni.

Mmeuliza pia kama ni rahisi kujenga jipya. Majimbo mengi yanataka kwanza kibali cha kuthibitisha kwamba vitanda vipya vinahitajika, na Minnesota imezuia vitanda vipya tangu miaka ya 1980, ukiacha misamaha michache. Ukishapata kibali: michoro ipitishwe, jengo likaguliwe usalama wa moto, leseni, kisha unalaza wakazi wachache kwa gharama zako ili wakaguzi wa ithibati wapate cha kukagua. Malipo hayarudi nyuma kabla ya tarehe mliyokidhi masharti. Hospitali zinaweza kutumia ithibati ya taasisi binafsi kama Joint Commission badala ya ukaguzi wa serikali. Makao ya uuguzi hayana njia hiyo ya mkato.

Hamjambo ndugu. Mimi ni mama wa Bukavu, sasa niko Houston. Makao yalinipa kazi ya kusaidia wazee, wakanipeleka shule yao ya CNA na wananikata pesa ya vitabu kila mshahara. Kingereza changu cha kuandika ni kidogo. Naogopa mtihani.

Hatujambo mama. Tuanze na pesa. Kama siku ulipoanza mafunzo ulikuwa umeshaajiriwa na makao hayo, au yalishakuahidi kazi, kanuni ya shirikisho inakataza kukutoza chochote cha mafunzo au mtihani, vitabu vikiwemo. Andika barua fupi kwa msimamizi, taja tarehe ya kuajiriwa na tarehe ya kuanza darasa, ambatisha karatasi za mshahara. Wasiporudisha, mlalamikie mdhibiti wa jimbo. Aliyejilipia mwenyewe kabla ya kuajiriwa naye ana haki: akipata kazi kwenye makao yenye ithibati ndani ya miezi 12 tangu amalize, jimbo linatakiwa limrudishie kidogo kidogo kadiri anavyoendelea kufanya kazi.

Mtihani una sehemu mbili, nadharia na vitendo. Kwa nadharia unaweza kuchagua kusomewa maswali badala ya kuyasoma mwenyewe. Hiyo ni haki, si huruma. Lazima uiombe wakati wa kujiandikisha, maana siku ya mtihani hawabadilishi. Ukifeli, sheria inakupa angalau nafasi tatu.

Kwenye vitendo wengi hawaangushwi na ujuzi. Wanaangushwa na vitu vidogo wanavyovifanya nyumbani bila kufikiri: kufunga bomba kwa kiganja baada ya kunawa badala ya kutumia karatasi kavu, kusahau kufunga breki za kiti cha magurudumu kabla ya kumnyanyua mkazi, kutovuta pazia, kuondoka bila kumwekea kengele mkononi. Sema kwa sauti unachofanya, na mwambie mkazi kabla ya kumgusa.

Saa za mafunzo: shirikisho linataka angalau 75, na kati ya hizo 16 za kwanza, zenye mambo kama maambukizi, usalama na haki za mkazi, ziishe kabla hujamgusa mkazi yeyote. Texas inataka 100, yaani 60 za darasani na 40 za vitendo. California ni 160. Ukiwa mwanafunzi huruhusiwi kufanya kazi hiyo kwenye makao zaidi ya miezi minne bila kufaulu. Na ukishafaulu, usikae miezi 24 mfululizo bila kazi ya uuguzi ya kulipwa. Jina linalala kwenye daftari la jimbo na unarudi kufundishwa au kufanya mtihani upya. Ukihama jimbo, omba kuhamishiwa jina likiwa bado hai kwenye daftari la kule utokako.

Ni nesi wa zamu, Lowell, Massachusetts. Wakaguzi wanakuja bila taarifa na kila mtu anapata homa. Wanatafuta nini hasa, na zile herufi wanazoandika zina maana gani?

Kila makao hukaguliwa ndani ya miezi 15, na wastani wa jimbo zima usizidi 12. Hawapigi simu. Wakiingia wanaomba ratiba ya wafanyakazi, orodha ya wakazi na jedwali la hali zao, fomu CMS-802: nani ana kidonda cha mgandamizo, nani ana mpira wa mkojo, nani amepungua uzito, nani anatumia dawa za akili. Jedwali hilo ndilo dira yao. Ukiacha mkazi mwenye kidonda nje ya jedwali halafu wakamkuta, umewaonyesha mambo mawili, kidonda na kwamba karatasi zenu haziaminiki. Hilo la pili linaharibu wiki nzima.

Kwako wewe mwenye toroli la dawa, hesabu iko hivi. Mkaguzi anasimama nyuma yako na kuhesabu nafasi zisizopungua 25, kila dawa unayotoa ikiwa nafasi moja, na kila uliyoruka ambayo daktari aliiagiza nayo ikihesabiwa. Kosa moja kati ya 25 ni asilimia 4, unapita. Mawili ni asilimia 8, na makao yana kosa la kanuni, kwa sababu kikomo ni chini ya asilimia 5. Makosa hayo hayahitaji kumdhuru mtu. Kosa kubwa linaloweza kudhuru halisubiri asilimia. Moja tu linatosha.

Makosa yanayohesabiwa ni kama yapi? Kusaga kidonge cha kuyeyuka polepole ukakichanganya na tufaha la kusagwa kwa sababu mzee hawezi kumeza. Kumimina dawa ya maji bila kuitikisa chupa. Kalamu ya insulini: unafunga sindano mpya, unazungusha hadi uniti 2, unaelekeza juu na kubonyeza mpaka tone litokee, ndipo unaweka dozi. Ukiruka hatua hiyo, hewa iliyo kwenye sindano inachukua nafasi ya dawa, na aliyeandikiwa uniti 4 anaweza kupata pungufu mno. Dawa ya kuvuta yenye steroidi bila kumpa maji ya kusukutua na kutema. Saa je? Dakika 60 kabla au baada ya muda huhesabiwa kosa pale tu kuchelewa kunapoweza kumsumbua au kumhatarisha mkazi. Vitamini ya saa tatu asubuhi ikitolewa saa nne na robo haitamwangusha mtu, insulini ya kabla ya chakula ikitolewa baada ya kifungua kinywa inaweza.

Fungua na friji ya dawa kabla yao. Joto liwe kati ya nyuzi 36 na 46 za Fahrenheit na karatasi ya kuandikia ijazwe, isiwe na wino mmoja na mwandiko mmoja wa siku 30, maana mkaguzi anajua hakuna mtu aliyefanya zamu 30 mfululizo. Chupa ya insulini iliyofunguliwa iwe na tarehe ya kufunguliwa. Nyingi mwisho wake ni siku 28. Chupa isiyo na tarehe ni kosa hata kama ilifunguliwa asubuhi ile.

Nje ya dawa, wanakaa kimya kwenye korido. Taa ya mwito inawaka dakika ngapi. Mkazi asiyejiweza anageuzwa lini, na kama kweli aligeuzwa saa nane kama chati inavyosema au bado amelalia ubavu uleule. Aliyepoteza asilimia 5 ya uzito kwa mwezi, au 10 kwa miezi sita, mtaalamu wa lishe aliitwa? Jikoni wanatumbukiza kipimajoto chao: chakula cha moto nyuzi 135 Fahrenheit kwenda juu, cha baridi 41 kushuka chini.

Sasa herufi. Kila kosa lina namba inayoanza na F na herufi kutoka A hadi L. Fikiria ngazi nne, kila ngazi na vyumba vitatu. Ngazi inaonyesha madhara, vyumba vinaonyesha kuenea: kwa mkazi mmoja au wachache, kwa wengi kimpangilio, au makao mazima. A, B na C hakuna dhara la maana, na makao bado yanahesabiwa yanafuata masharti. D, E na F dhara la maana halijatokea ila lingeweza. G, H na I mtu ameumia kweli. J, K na L ni hatari ya papo hapo, ambayo manesi huiita IJ, na hapo ithibati inaweza kufutwa ndani ya siku 23 hatari isipoondolewa. Kwa D hadi I, msiporekebisha, miezi mitatu tangu ukaguzi Medicare na Medicaid zinaacha kulipia wakazi wapya. Miezi sita, mkataba unavunjwa.

Ripoti ikifika, makao yana siku 10 za kalenda kupeleka mpango wa marekebisho, na ndani ya siku hizo hizo ndipo pa kuomba kupinga kosa kwa njia isiyo ya mahakama. Mpango unaokataliwa mara nyingi una sentensi moja: "wafanyakazi wamefundishwa upya." Jimbo linataka kujua alirekebishwaje mkazi aliyeathirika, mmewatafutaje wengine walio katika hatari hiyo, mmebadilisha utaratibu gani, nani atafuatilia na mara ngapi, na tarehe ya kumaliza. Kwa insulini isiyo na tarehe, kwa mfano: chupa ilitupwa na mpya ikaagizwa, matoroli yote yalipekuliwa siku ileile, lebo ya tarehe sasa inabandikwa na nesi anayepokea dawa toka famasi, meneja wa kitengo anakagua matoroli mawili kila wiki kwa miezi mitatu. Tarehe mtakayoandika ndiyo watakayorudi kuitazama, kwa hiyo msiahidi ya kishujaa.

Mimi ni CNA. Ijumaa usiku nilikuta bibi mmoja ana michubuko ndani ya mapaja yote mawili. Hawezi kusema. Msimamizi wa zamu akaniambia tusubiri Jumatatu meneja aje. Nilifanya vibaya kukubali?

Jumatatu ni mbali mno. Michubuko isiyojulikana chanzo, mahali ambapo mtu hajigongi kwa kawaida, inaripotiwa. Makao yana saa 2 kuripoti kwa msimamizi mkuu na kwa jimbo ikiwa tukio linahusu unyanyasaji au kuna jeraha kubwa la mwili, na saa 24 kwa mengine. Matokeo ya uchunguzi yapelekwe ndani ya siku 5 za kazi. Michubuko ndani ya mapaja kwa mtu asiyeweza kujieleza, usiingize kwenye saa 24. Ichukulie saa 2.

Tena ukishuku kuna jinai, wajibu ni wako wewe binafsi pia, kwa jimbo na kwa polisi, na kumwambia bosi hakukuondolei. Sheria iliandika faini ya hadi dola 200,000 kwa asiyeripoti, kabla ya nyongeza za mfumuko wa bei. Kukufukuza au kukupunguzia zamu kwa sababu uliripoti ni marufuku, na bango la haki hiyo linatakiwa liwe limebandikwa pale kazini, litafute. Kama bado hujaripoti, ripoti leo. Andika ulichokiona tu: saa, upande, ukubwa, rangi. "Mchubuko wa zambarau, kama sentimita 4, paja la kulia ndani." Usiandike nani unadhani alifanya, wala usipige picha kwa simu yako. Picha ya mkazi ya kumdhalilisha ikisambazwa WhatsApp, hata kwa kikundi cha wenzako wa zamu, yenyewe inahesabiwa unyanyasaji.

Jimbo likimkuta CNA na hatia ya unyanyasaji, jina lake linawekwa alama kwenye daftari na makao yenye ithibati hayawezi kumwajiri tena. Kabla ya hapo anapewa barua na nafasi ya kuomba kusikilizwa, siku 30. Wengi wanapoteza haki hiyo kwa sababu barua ilikwenda anwani ya zamani. Ukihama nyumba, liarifu daftari la jimbo.

Mama yetu yuko makao ya uuguzi Dallas baada ya kuvunjika nyonga. Siku ya 18 wameleta karatasi kwamba Medicare inaisha kwa kuwa "haonyeshi maendeleo", na wanataka kaka atie sahihi kuwa atalipa yeye. Sisi tuko Mombasa. Tufanye nini?

Pole zenu. Kaka asitie sahihi. Makao yenye ithibati hayaruhusiwi kumtaka mtu mwingine awe mdhamini wa malipo kama sharti la kumpokea au kumbakiza mkazi. Kama kaka anasimamia pesa za mama anaweza kusaini kwamba atalipa kwa pesa za mama, na maneno "kwa niaba ya" yaonekane karibu na sahihi yake.

Karatasi mliyopewa ni fomu CMS-10123. Inatakiwa kutolewa angalau siku mbili kabla, na ina namba ya simu ya taasisi huru inayopitia uamuzi. Piga kabla ya saa sita mchana, siku moja kabla ya tarehe ya kusitishwa. Ikipita adhuhuri hiyo njia ya haraka imefungwa, kwa hiyo aliyeko Dallas apige leo, asisubiri kikao cha familia. Hoja yenu iwe kwamba anahitaji huduma ya ustadi ya nesi au ya mazoezi. Kesi ya Jimmo, iliyomalizika kwa makubaliano mwaka 2013, ilikazia kwamba kutopata nafuu peke yake si sababu ya kumnyima mtu. Huduma ya kumzuia asizidi kudhoofika nayo inahesabika ikiwa inahitaji mtaalamu.

Hesabu ya siku: Medicare ya kawaida hulipa yote siku 20 za kwanza, kisha siku ya 21 hadi 100 mama anachangia kiasi kwa siku, mwaka 2025 kilikuwa dola 209.50. Sharti ni awe alilazwa hospitali siku 3 mfululizo. Siku za kuwekwa chini ya uangalizi hazihesabiwi hata kama alilala kitanda kilekile na kula chakula kilekile, na huo ndio mtego unaowanasa wengi.

Medicare kuisha si ruhusa ya kumtoa. Kumtoa kunataka barua ya siku 30, kwa lugha mnayoelewa, yenye sababu moja kati ya sita zinazokubalika, mahali anakopelekwa na jinsi ya kukata rufaa, na nakala iende kwa ombudsmani wa jimbo, yaani mtetezi wa wakazi. Mkikata rufaa anabaki mpaka iamuliwe, isipokuwa kubaki kwake ni hatari kwake au kwa wengine. Ombudsmani halipwi na makao wala na ninyi.

Nilisikia kila makao sasa lazima yawe na RN saa 24. Bosi wangu anasema si kweli.

Bosi yuko sahihi. CMS ilitoa kanuni hiyo mwaka 2024, pamoja na saa 3.48 za uuguzi kwa kila mkazi kwa siku. Aprili 2025 mahakama ya shirikisho huko Texas iliifuta, na Julai 2025 Bunge likaizuia kwa sheria. Zimebaki saa 8 za RN. Lakini jimbo lako linaweza kuwa na idadi yake, na hiyo haikuguswa. Mkuu wa wauguzi naye haruhusiwi kushika zamu kama nesi kiongozi ikiwa wastani wa wakazi kwa siku unazidi 60.

Mimi ni RN, nataka kuwa msimamizi mkuu wa makao. Leseni yangu ya unesi inatosha?

Haitoshi. Usimamizi una leseni yake katika kila jimbo, na mtihani wa NAB, muungano wa kitaifa wa bodi za wasimamizi, wenye sehemu mbili, ya jumla na ya makao ya uuguzi. Kabla yake kuna mafunzo kazini chini ya msimamizi mwenye leseni. California huhesabu saa 1,000. Uliza bodi ya jimbo lako kama shahada na uzoefu wako vinapunguza saa hizo, na uulize kwa barua pepe ili jibu libaki kwenye maandishi.